Nduthi Inakata Stima Halafu Inarudi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hii ni ya wenye nduthi za kawaida za hapa Nairobi, zile za 100cc mpaka 150cc zinazopiga boda, kubeba mzigo na kupeleka watu job, zenye betri ya volti 12. Maswali ni yale yale watu hurudia, na mvua ikianza yanaongezeka. Soma swali la 1 kwanza hata kama shida yako iko huko chini, ju mengine yote yanategemea hilo.

## Mambo ya kwanza

1. Nduthi yangu inakata stima halafu inarudi yenyewe kama hakuna kitu kimefanyika. Shida huwa nini?

Mara nyingi ni mahali waya inashika vibaya. Si CDI (kale kasanduku kanakoamua wakati wa kupiga moto wa plagi), si koili (inayopeleka moto kwa plagi), na hata betri mara nyingi haina makosa. Ni terminali ya betri imelegea, ama fyuzi imekaa ovyo kwa nyumba yake, ama suichi ya ufunguo imechoka, ama waya imekatika ndani ya mpira pale shingo ya hendo na kwa nje inaonekana mzima kabisa. Kitu kikishaungua kimeungua, hakirudi. Kikienda na kurudi jua kuna mahali panagusa na kuachilia. Kuna spea chache zinazoweza kufa na kufufuka, hasa zikishika moto, hizo ziko swali la 15.

Sasa kabla ununue chochote jiulize hivi: ilipozima, ni nini kilibaki kinafanya kazi? Kama kila kitu kilikufa pamoja, taa ya nyutro, honi, indiketa, stata, basi shida iko kwa ile njia moja inayolisha kila kitu, yaani betri, terminali zake, athi (waya ya negati kwenda kwa fremu), fyuzi kubwa na suichi ya ufunguo. Hiyo ni swali la 5 mpaka la 13. Kama nyutro inawaka na honi inalia vizuri lakini injini ndiyo imekufa, ruka uende la 14. Na kama ni indiketa peke yake, wachana na betri, fuata waya ya indiketa.

Angalizo: taa kubwa ya mbele usiitumie kama ushahidi. Nduthi nyingi ndogo zinaichukulia stima moja kwa moja kutoka kwa magneto (ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini), kwa hivyo injini ikizima nayo inazima hata kama betri iko freshi.

Watu wengi wanashindwa kujibu hili swali ju nduthi ikizima tu mtu anaanza kupiga kiki. Tulia. Acha ufunguo kwa on, angalia nyutro, bonyeza honi, kanyaga breki uone kama nyuma inawaka. Hiyo habari fundi hawezi kuipata baadaye, ju nduthi ina hii tabia, ikifika kwa fundi inajifanya haijawahi kuwa mgonjwa, na hapo ndipo fundi asiye na kazi ingine anaanza kubahatisha na pesa yako.

2. Nitajua aje ni stima na si petroli?

Stima ikikatika injini inazima ghafla, bila onyo, na mara nyingi ekosi inatoa mlio mmoja stima ikirudi ukiwa bado unabiringika. Petroli ikikosa injini inakohoa kwanza, inavuta, inaachilia, unafungua ekseleta haiitikii, halafu ndio inakufa polepole.

Kuna moja inadanganya watu sana: kifuniko cha tangi. Kina kitundu cha kupumua, kikizibwa na vumbi petroli inashindwa kuteremka. Nduthi inaenda vizuri kwa muda, inazima, unapumzika kidogo, inawaka tena. Kila mtu anasema koili. Ikizima hivyo fungua kifuniko mara moja, ukisikia hewa inaingia "fssss" na nduthi iwake, umepata jibu na haujatumia hata shilingi.

3. Nahitaji vifaa gani kutafuta hii shida mwenyewe?

Mita ndogo ya digitali inayopima volti na omu (vile waya inazuia stima kupita), balbu ya volti 12 yenye waya mbili (hata ya indiketa ya zamani ni sawa), spana namba 10, bisibisi, msasa laini, tepu ya umeme na fyuzi za akiba. Zote unapata Kirinyaga Road na maduka ya karibu. Mita ya bei ya chini inatosha, hatupimi roketi.

Balbu usiidharau. Mita inaweza kukuonyesha volti 12 kwa waya iliyobaki na uzi mmoja ndani, ju mita haivuti nguvu. Balbu inavuta, na hapo uongo unajulikana.

4. Ikizima nikiwa katikati ya Thika Road nifanye nini?

Shika klachi kwanza, iache ibiringike, jisukume kushoto polepole. Usiangalie chini kutafuta ufunguo na kuna matatu nyuma. Kumbuka kama kila kitu kimekufa hauna indiketa wala taa ya breki, aliye nyuma haoni kitu, kwa hivyo mkono unyooshe nje na abiria naye atoe wake. Ukishatoka barabarani kabisa ndio ufanye ile ya swali la 1, halafu tingisha terminali za betri kwa mkono, chomoa fyuzi uirudishe, zungusha ufunguo off na on mara kadhaa. Ikirudi kwa mojawapo ya hizo, kumbuka ni gani. Usiku usikae hapo ukitengeneza, sukuma mpaka mahali kuna mwangaza na watu.

## Betri na fyuzi

5. Nimenunua betri mpya na bado inakata. Nimeuziwa feki?

Inawezekana, lakini anza na terminali. Kwa nduthi ndogo bolti za betri ni fupi na zile nati za mraba zinaanguka ndani ya kale kashimo, fundi akiwa na haraka anakaza juu juu tu. Shika waya ya betri uizungushe na vidole. Ikizunguka hata kidogo, umepata. Toa, piga msasa pande zote mbili mpaka zing'ae, rudisha ukaze na spana, halafu paka mafuta ya mgando kwa juu ili unyevu usiingie. Yanapakwa baada ya kukaza, si kabla.

Ukitoa betri anza na negati, ukirudisha anza na poziti. Hivi spana ikigusa fremu wakati unafungua poziti hakuna cheche.

6. Namba za mita zinamaanisha nini?

Betri nzima iliyojaa na imepumzika inasoma kama volti 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.0 karibu imeisha. Ukibonyeza stata, isishuke chini ya 10 hivi. Ikishuka mpaka 8 na ulikuwa umeichaji vizuri, hiyo betri imechoka ndani.

Injini ikiwa inanguruma katikati, si sailensa (polepole bila ekseleta), pima tena kwa betri: inafaa iwe kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12 na kitu haichaji (swali la 16). Ikipita 15 regyuleta (kile kinachodhibiti chaji ya betri) imekufa kwa upande mbaya, inachemsha betri na kuunguza balbu, na hiyo usiendeshe nayo mbali.

Betri ya maji angalia alama za juu na chini zilizochorwa kwa ubavu, ongeza maji ya betri yale yaliyosafishwa, si ya mfereji. Na usimwagikie, ile ni asidi.

7. Fyuzi inaungua kila saa. Naweza kuweka kubwa ama kufunga na waya?

Usifanye. Najua steji nzima imefunga na karatasi ya sigara na wako barabarani. Fyuzi inaungua ju mahali fulani waya ya poziti inagusa chuma. Ukiweka waya mahali pa fyuzi, kitu kinachofuata kuungua ni waya zenyewe chini ya tangi, na juu ya hizo waya kuna lita kadhaa za petroli. Weka saizi iliyoandikwa kwa kifuniko cha fyuzi, basi.

Kutafuta inapogusa kuna mbinu nzuri isiyomaliza fyuzi. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunganishe mahali fyuzi inakaa, fungua ufunguo. Kama kuna waya inagusa fremu, balbu inawaka kwa nguvu zote, na haiwezi kuharibu kitu ju inapitisha chini ya ampea 2 tu. Sasa zunguka ukitingisha waya, chomoa soketi moja moja. Balbu ikififia ghafla, ile kitu umeshika mkononi ndiyo mwenye makosa. Kufifia kidogo tu ni kawaida, ni vile nduthi inakula stima yake.

Anza kutafuta chini ya tangi mahali waya zinapita kando ya fremu, shingo ya hendo, na nyuma chini ya keria. Hapo kwa keria ndio kwa boda nyingi: keria ilichomelewa, bolti ndefu imeingia ndani, na ukibeba mzigo mzito kiti kinashuka kinabana waya ya taa ya nyuma. Kama fyuzi huungua ukiwa na abiria wawili pekee, usitafute kwingine.

Kama huungua tu ukikanyaga breki ama ukiwasha indiketa, tayari umejua ni waya gani.

8. Fyuzi haijaungua lakini nikiigusa stima inarudi.

Nyumba ya fyuzi imelegea. Vile vibati vya ndani vimepanuka ama vimeota kutu ya kijani, na vikishika vibaya vinachemka, vikichemka vinapanuka zaidi. Angalia plastiki, ikiwa imegeuka kahawia ama imeyeyuka kidogo badilisha nyumba yote, ni kitu rahisi. Kubana vibati na koleo kunasaidia wiki moja, mbili. Pia kuna fyuzi za glasi zenye uzi umevunjika pale pembeni ndani ya kofia, kwa macho unaona iko sawa. Ipime na mita, usiamini macho.

## Suichi, waya na athi

9. Nikipinda hendo kona kali inazima, nikinyoosha inarudi.

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, nashangaa inavyomaliza pesa za watu. Waya zote za suichi na taa za mbele zinapita shingoni, na kila ukipinda zinakunjwa. Baada ya miaka ya kugeuka kwa foleni shaba inavunjika ndani na mpira unabaki mzima. Pia kuna waliofunga zile waya na zip tai zimekazwa sana mpaka hakuna nafasi ya kusonga.

Weka kwa stendi kubwa, fungua ufunguo, wacha injini iwe sailensa na uhakikishe iko nyutro. Pinda hendo kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, polepole. Ikizima ama taa zikipepesa, kunja kifungu cha waya na mkono sehemu moja moja. Waya iliyokatika ndani utaihisi, hapo inakuwa laini kuliko kwingine na ukiivuta taratibu mpira unanyooka.

Usiunganishe kwa kusokota na tepu hapo shingoni. Kata kipande kibovu chote, ongeza waya ya unene ule ule, chomelea na risasi, vika mpira wa kujikunja kwa joto, na uache ulegevu wa kutosha hendo igeuke bila kuvuta. Maungio yenyewe yasiangukie pale panapokunjwa, yasogeze mbele ama nyuma.

10. Suichi ya ufunguo naipima aje?

Ukitikisa ufunguo ukiwa on na taa ya nyutro ipepese, hauhitaji kupima. Ukitaka hakika, weka mita kwa volti, ncha moja kwa waya inayoingia kwa suichi na ingine kwa inayotoka, suichi ikiwa on na taa zinawaka. Inafaa isome karibu sifuri. Ikisoma nusu volti ama zaidi, na namba inaruka ukigusa ufunguo, vibati vya ndani vimeliwa. Dawa ya kusafisha kontakti inaweza kukusukuma siku chache, lakini suichi iliyoliwa inabadilishwa.

Na hizo funguo za nyumba, geti, duka, opena ya soda na nembo ya timu, toa zote kwa ufunguo wa nduthi. Zinaning'inia zikipiga suichi kila tuta.

11. Kila fundi anasema "athi". Athi ni nini na mbona inasumbua hivi?

Ni ile waya kutoka negati ya betri kwenda kwa fremu ama injini. Stima ikitoka poziti lazima irudi nyumbani, na inarudi kupitia chuma cha nduthi na hiyo waya moja. Ikishika vibaya vitu vinaanza vituko: unawasha indiketa, taa ya nyutro inapepesa nayo, honi inalia kama imebanwa koo, stata inabonyezwa dashibodi yote inazima. Ukiona vitu viwili visivyohusiana vinaathiriana, anza na athi.

Pima hivi: mita kwa volti, ncha moja kwa nguzo ya negati ya betri yenyewe (si kwa bolti), ingine kwa chuma safi cha injini. Washa taa zote na ubonyeze honi. Isome 0.1 ama 0.2 hivi. Ukibonyeza stata inaweza kupanda karibu nusu volti. Zaidi ya hapo, fungua ile bolti inayoshika athi, kwangua rangi na kutu mpaka chuma kionekane, rudisha. Nduthi iliyopigwa rangi mpya ndiyo mteja wa hii shida, ju anayepiga rangi anapaka juu ya kila kitu.

12. Inazima mvua ikinyesha ama nikitoka kuiosha.

Maji yakiwa safi hayapitishi stima sana, lakini ya barabara za Nairobi yana matope na chumvi ya kila aina. Yanaingia kwa kofia ya plagi, kwa suichi ya kuzima injini na kwa soketi zilizo chini ya tangi. Usiku ukiwa gizani washa injini na uangalie waya ya plagi, ukiona vicheche vya buluu vinatembea juu yake, waya na kofia zimechoka.

Wale wa kuosha na pampu waambie wasipige presha chini ya kiti na nyuma ya taa ya mbele. Kama ishaingia, fungua soketi, pulizia hewa, kausha. Soketi zenye kutu ya kijani zisafishwe pini kwa pini na zipakwe grisi ya umeme. Usizibe soketi na tepu pande zote, maji yakiingia hayatoki.

13. Inakata kwa matuta na barabara mbovu tu.

Rudi la 5, la 8 na la 11 kwa mpangilio huo. Kama zote ziko sawa, angalia kama betri yenyewe inarukaruka ndani ya sanduku lake. Ile mpira ya kuishika ikipotea betri inavuta terminali zake kila shimo, na siku ingine kipande cha ndani kinakatika, hapo betri inasoma 12.6 ukiwa umeegesha na inapotea kabisa ukiitingisha.

Kuna nduthi zina suichi kwa stendi ya pembeni ya kuzima injini ukisahau kuikunja. Springi ikilegea, kila tuta stendi inashuka kidogo na injini inakata. Lakini hiyo itakufa injini pekee, taa zitabaki.

## Taa ziko, injini imekufa

14. Nyutro inawaka, honi inalia, lakini injini haina moto.

Anza na ile suichi nyekundu ya kuzima. Ipige on na off mara nyingi, vumbi huingia ndani. Halafu suichi ya stendi. Baada ya hapo toa plagi, ivalishe kofia yake, ilaze chuma chake kiguse injini vizuri, zungusha injini uone cheche. Iguse chuma kweli kweli, ju cheche ikikosa pa kwenda inaweza kuharibu CDI, na usiishike na mkono. Hakikisha petroli haijamwagika karibu na ile tundu ya plagi.

Hapa kuna kitu mafundi wengi wanakiruka. CDI ziko aina mbili. Moja inachukua stima ya betri kupitia suichi, na hiyo inakufa stima ya suichi ikikatika. Ingine inachukua moja kwa moja kutoka kwa koili ya magneto, haijali betri, na inazimwa kwa kuguswa kwa fremu: ukigeuza ufunguo off, suichi inaunganisha waya fulani na athi, moto unakufa. Sasa hiyo waya ya kuzima ikichubuka popote na iguse chuma, injini inazima kana kwamba umegeuza ufunguo, na taa zote ziko. Ikiachilia, inarudi. Unaweza kubadilisha CDI, pulsa (iko swali la 15), koili na plagi na bado izime.

Kuipima, ichomoe kwa CDI na uendeshe mahali salama. Shida ikiisha, waya ama suichi ndiyo mwenye kosa. Jua tu kwamba ufunguo hautazima injini, utaizima kwa kuweka gia, kushika breki na kuachilia klachi.

15. Inazima ikishika moto, nikipumzika inawaka tena.

Kwanza ondoa kifuniko cha tangi kwa orodha (swali la 2). Kama ni stima, pulsa ndiyo mshukiwa, ile koili ndogo kando ya magneto inayoambia CDI wakati wa kupiga. Waya zake ni nyembamba kama nywele, joto linazipanua, inakatika, ikipoa inashikana. Koili ya plagi pia hufanya hivyo, na CDI mara chache.

Kupima ikiwa baridi ni kupoteza wakati, itasoma sawa. Ipime hapo hapo imezima na bado ni moto, linganisha omu na ilivyosoma asubuhi. Ikiwa mita inaonyesha njia imekatika kabisa, umemaliza.

## Chaji na mizigo ya ziada

16. Asubuhi iko sawa, ikifika jioni stata imekataa na taa ni hafifu.

Haichaji ama inachaji kidogo kuliko inavyotumia. Pima ile ya swali la 6. Ikiwa haipandi, chomoa soketi ya regyuleta uiangalie: pini zilizoungua ni jambo la kila siku na pengine ndiyo shida yote. Kwa nduthi zenye waya tatu za njano kutoka magneto, pima omu kati ya jozi zote tatu, zifanane na ziwe ndogo, halafu kila moja na fremu, isisome kitu. Ikisoma na fremu, magneto imeungua. Zile zenye waya moja ama mbili wakati mwingine zimeunganishwa na fremu kutoka kiwandani, kwa hivyo usihukumu kabla kujua yako ni ipi.

17. Naweza kuendesha bila betri, ama kuichomoa injini ikiwaka nione kama inachaji?

Hiyo ya kuchomoa wazee wa gari walikuwa wanafanya. Kwa nduthi volti inaweza kuruka juu ghafla na kuua CDI, balbu na chaja ya simu kwa pamoja. Tumia mita.

18. Niliongeza spotilaiti, redio na chaja, na shida ikaanza.

Piga hesabu. Taa ya wati 35 inakula karibu ampea 3. Spotilaiti mbili za wati 20 ni zaidi ya ampea 3 zingine, na magneto ya nduthi ndogo haikutengenezewa hiyo. Ukiwa kwa jam ya Jogoo Road ukiwa sailensa, betri ndiyo inalipa.

Hata kama wati ni ndogo, mara nyingi shida ni vile zilifungwa: waya imechunwa, ikasokotwa, ikafungwa tepu, na sasa maungio yanalegea. Chukua stima ya taa za ziada moja kwa moja betri, na fyuzi yake na rilei yake (suichi inayowashwa na stima yenyewe), usizipitishe kwa suichi ya ufunguo.

## Kesi ngumu

19. Nduthi ni ya mkopo na ina traka. Inaweza kuwa ndiyo inazima?

Ndiyo, kwa njia mbili. Ya kwanza angalia simu yako kama malipo yamechelewa, ju traka nyingi za mkopo zina rilei ya kukata stima kutoka mbali na nimeona watu wakifungua magneto kumbe ni meseji hawajasoma. Ya pili ni maungio yake. Ile rilei inawekwa kwa kukata waya ya suichi, ikikaa ndani ya tepu yenye unyevu inaanza kukata yenyewe bila kutumwa.

Kama deni bado lipo usiiguse, utaonekana unaiba. Irudishe kwa walioifunga na uwaambie inakata lini na wapi. Kama umemaliza kulipa na una barua, itolewe, na ile waya iliyokatwa iunganishwe vizuri na kuchomelewa, si kusokotwa. Alarm za kununua mtaani ni hadithi hiyo hiyo.

20. Nikiiacha siku tatu nne betri inaisha.

Kitu kinakula ukiwa umelala. Toa negati, weka mita kwa ampea (waya nyekundu kwa tundu ya 10A) kati ya nguzo na ile waya, ufunguo off. Usiguse stata mita ikiwa hapo, utaiunguza. Bila traka wala alarm isome karibu sifuri. Ikisoma ampea 0.05, betri ya 5Ah itakauka kwa masaa 100, na stata itakataa kabla ya hapo. Chomoa kimoja kimoja mpaka namba ishuke.

21. Nimeangalia yote na haizimi mbele yangu. Nifanye nini?

Itege. Chukua balbu ndogo ya dashibodi, upande mmoja uunge kwa waya inayotoka kwa suichi ya ufunguo ukipitisha fyuzi ya ampea 2, mwingine kwa fremu, ibandike na tepu karibu na kioo. Endelea na kazi yako. Siku itakayozima, tupia jicho: balbu imekufa, shida iko kwa suichi ama kabla yake, balbu inawaka, shida iko mbele. Kesho unaihamisha mahali pengine kwa ile njia, nyumba ya fyuzi, soketi, mpaka eneo linabaki dogo. Inachukua siku kadhaa lakini hainunui spea ya bure.

22. Fundi anataka tubadilishe waya zote. Nikubali?

Muulize amepata waya gani mbovu na akuonyeshe. Kama waya zimeungua pamoja ama zina maungio kila mahali, ni sawa, badilisha. Kama hajaona chochote na anataka tu kuanza upya, hapana, ju harnesi mpya (hicho kifungu cha waya zote) haitengenezi suichi iliyoliwa wala athi yenye rangi.

23. Yangu ni ya injekta (petroli inapulizwa kwa amri ya komputa). Kuna tofauti?

Kila kitu cha hapo juu kinabaki, ila haivumilii volti ya chini. Ukifungua ufunguo sikiliza pampu ya petroli ivume sekunde mbili tatu. Ikivuma tena ukiwa unaendesha, komputa imekatiwa stima na kurudishiwa. Zingine zina sensa ya kuzima injini nduthi ikianguka, na ikilegea kwa bolti yake inadhani umeanguka kila shimo.

24. Na zile za umeme za kubadilisha betri?

Pini za betri zikiwa na vumbi ama maji zinakata vile vile, kwa hivyo zipanguse na kitambaa kikavu kabla ya kuingiza. Pia betri ina komputa yake inayozima nguvu ikichemka ama ukiibebesha sana mlimani, ikipoa inarudi. Lakini nyingi ni za volti 48 mpaka 72, usifungue, usitie balbu ya majaribio. Badilisha betri kwa kituo, na kama ya pili nayo inakata, shida iko kwa nduthi yenyewe, wapelekee.